Sitoki Mpaka Nilipwe

Mfaume,

Salamu sikuletei. Mtu aliyeondoka bila kuaga hana haki ya kudai salamu, na wewe hata kubipu hukubipu. Urefu wote ule, ukashindwa kunyoosha mkono ukafika kwenye simu. Haya, shauri yako, mimi nimekuja na yangu.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu, huku kusini mwa Ujerumani, nimekaa kitandani na soksi juu ya soksi. Jana ilikuwa arobaini yako. Watu wote walikuwa Kiranjeranje, chini ya turubai, wanakula pilau yako. Mimi nilikuwa juu ya mlima wenye theluji, peke yangu, nimelala kwenye shimo. Najua hapo ulipo unacheka. Ngoja kwanza nikueleze, maana habari zangu huwa unazipokea nusu, nusu nyingine unaitunga mwenyewe.

Nianze na siku uliyotufanyia vituko. Nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, namlisha supu mzee mmoja asiyeweza kushika kijiko. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa baba yako, na Mjomba hana kawaida ya kunipigia asubuhi. Nikatoka nje ya mlango. Akaniambia umeanguka shambani ukisafisha pori kwa ajili ya ufuta, jembe mkononi, na walipokufikisha zahanati ulikuwa umeshakwisha. Presha, wamesema. Nikaitikia Innalillahi, nikakata simu, nikarudi kwa yule mzee. Supu ilikuwa imepoa. Nikaenda kuipasha, nikamalizia kumlisha, nikamfuta kidevu, nikaosha bakuli. Jioni nikapita dukani nikanunua mkate. Nilikuwa najitazama tu, mtu ananunua mkate.

Sikulia, Mfaume. Si siku ile, wala zilizofuata. Na usidhani nilikuwa najikaza mbele za Wazungu. Nilifunga mlango nikakaa nikiyangoja machozi, nikajaribu hata kukumbuka mambo ya kusikitisha, wapi. Ilikuwa kama jino lililopigwa sindano ya ganzi. Unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini unaona si lako.

Niliomba ruhusa nije. Mkubwa wangu wa kazi ni mama mwema, akaniuliza marehemu ni nani yangu. Nikamwambia ni mtoto wa mjomba. Akasikitika, akasema kwa baba, mama, mke au mtoto ruhusa ipo, kwa binamu haipo. Nikamwambia si binamu tu, ni mtani wangu. Akauliza mtani ndiyo nini. Nikajitahidi kumweleza kwa Kijerumani changu hiki cha kuunga unga, kwamba ni mtu anayekutukana mbele za watu, anakula chakula chako bila kuomba, na siku ukifa lazima aje afanye fujo msibani kwako. Akanitazama kwa huruma, akasema basi pengine ni afadhali nisiende. Nami sikubishana naye. Hata ndege ingepatikana, nisingekuwahi, maana ulizikwa kesho yake asubuhi.

Sasa hapo kwenye kuzikwa ndipo penye kesi.

Unamkumbuka baba yangu tulivyomzika. Kaburi limeshachimbwa, jeneza limefika, watu kimya, shekhe amefunga mikono. Mara wewe huyo na kanzu yako nyeupe, ukaruka ndani, ukajilaza chali, miguu ukaikunja kwa sababu hukutosha. Ukasema hapa pamejaa, mzee akatafute pengine, na wewe hutoki mpaka ulipwe. Ukaanza kusimulia jinsi baba alivyokuwa akikoroma mpaka kuku wa jirani wakahama. Shekhe akanung'unika kwamba mambo haya hayamo kwenye dini. Wazee wakamwomba avumilie, wakamwambia huyo ni mtani, koo hizi mbili zinazikana hivyo tangu zamani. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni, sijatia kitu mdomoni tangu jana yake, nikasikia kitu kinapanda kifuani, nikajua sasa ni kilio. Kumbe kicheko. Nilicheka mpaka nikashikwa mabega, na katikati ya kicheko kile ndipo machozi yalipotoka, na hayakukatika mpaka magharibi.

Mama, kutoka nyumbani, akaagiza upewe jogoo. Ukatoka, ukanipita bila kuniangalia, ukashika chepe, ukafukia kuliko watu wote. Tulipokuwa tunarudi ndipo ulipoongea na mimi. Ukasema, "Langu utalala wewe, Issa. Usimwachie mtu."

Basi, kaburi lako halikulaliwa na mtu. Baba yako ndiye aliyenieleza. Vijana wa ukoo wetu walikuwepo na walikuwa tayari, mmoja ameshavua viatu. Mjomba akawakataza. Akasema kaburi hili lina mtu wake. Wakangoja kidogo, kama vile ningetokea barabara kuu na begi langu begani, kisha wakakuteremsha. Hakuna aliyekutukana. Hakuna aliyedai hata yai. Wewe, Mfaume, mchokozi wa misiba ya watu wote kuanzia Kiranjeranje mpaka Kivinje, ulizikwa kimya kama mgeni aliyefia safarini.

Na Somoe wako ndiye aliyemtia Mjomba hofu. Alinieleza kwamba mkeo hajalia tangu siku ile. Amekaa eda yake chumbani, akipewa chakula anakula, akiulizwa anaitikia kwa kichwa. Usiku hataki mlango wa nje utiwe komeo. Mama zake wamembembeleza alie, mtu akilia anapata nafuu. Anawatazama tu. Niliposikia habari hizo nilielewa vizuri kuliko walivyodhani, maana nami nilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nalipwa kuosha wazee.

Siku chache kabla ya arobaini Mjomba akanipigia tena. Akasema utani wangu unadaiwa, na baada ya hitima watu wataungoja. Nikamuuliza nitafanyaje na mimi niko huku. Akasema simu ipo, na spika ya kukodisha ya harusini ipo. Nikamwambia Mjomba, fimbo ya mbali haiui nyoka. Akasema, "Wewe irushe tu, tuone umeirusha." Kisha akashusha sauti, akasema kama Somoe hatacheka siku hiyo, yeye hajui tena atamtoaje kwenye hali hiyo.

Nikakubali. Kisha nikakaa kutafuta matusi yako, nikakosa. Hebu fikiria, mimi nikose tusi la kukutukana wewe. Nilikuwa nayo ya kukutosha mpaka uzeeni: woga wako wa chura, uimbaji wako, ile baiskeli isiyo na breki uliyoisimamisha kwa kuligonga banda la mama ntilie. Yote nilikuwa nayo kichwani, lakini yalikuwa yamekauka. Nilijaribu kuyasema kwa sauti nisikie, na jirani akaja kugonga mlango, akauliza kwa upole kama kuna tatizo, kwa sababu nampigia mtu kelele na hakuna mtu. Kuta za huku ni nyembamba, na mtu anayeutukana ukuta kwa Kiswahili anaweza kuitiwa daktari.

Ndipo nikaufikiria ule mlima. Unaonekana kutoka jikoni kazini kwetu, mkubwa, juu mweupe, na karibu na kilele umesimama mnara wa simu. Nikasema huko hakuna wa kunigongea. Mwenzangu mmoja wa kazini huupanda kila akipata nafasi, hata kipupwe hiki. Akanieleza kwamba njia imekanyagwa vizuri, inapita msituni kisha inatoka mahali pa wazi, na juu kuna kibanda cha wapanda milima ambacho msimu huu kinafungwa. Akaniazima fimbo mbili na meno ya chuma ya kuvalisha viatu visiteleze. Akaniambia jambo moja tu nisilifanye, nisiende peke yangu. Nikamwambia nakwenda na binamu yangu.

Niliondoka alfajiri. Sasa usitegemee nikwambie theluji inafanana na sanda. Haifanani. Sanda ina harufu ya karafuu maiti, theluji haina harufu ya kitu chochote. Inafanana zaidi na chumvi ya kwenye mashamba ya chumvi, ila hii ukiikanyaga inalia chini ya kiatu, na chumvi haina tabia hiyo. Miti ilikuwa imebeba mizigo ya theluji kwenye matawi, mara moja moja mzigo mmoja unadondoka wenyewe, puu, halafu kimya kinarudi. Hakuna ndege, hakuna mdudu. Msitu wetu hata usiku wa manane una kitu kinachopiga kelele. Huu ulikuwa kama umepewa onyo.

Nilipanda. Pua ikaganda ndani, nikivuta pumzi vinyweleo vinagusana. Masharubu yakawa magumu. Nikakuchukua tukaenda wote, maana nilikuwa nimeshamwambia yule mwenzangu uongo, nikaona niupunguze. Ulilalamika njia nzima. Uliuliza mara ngapi kama tumefika. Ulitaka kukojoa ili uone kama utaganda. Nikakukumbusha siku niliyokuwa naondoka Kiranjeranje kuja huku, ulivyopanda ndani ya basi ukawatangazia abiria kwamba kijana huyu anakwenda Ulaya lakini bado anakojoa kitandani, tafadhali konda amtandikie mfuko. Na konda, mshenzi mwenzako, akaleta mfuko kweli. Nilikutukana mpaka Nangurukuru, wewe ukiwa umeshashuka zamani. Kumbe nilikuwa natukana ili nisilie, na wewe ulijua. Nilikumbuka yote hayo nikiwa napanda, na sikucheka. Niliyaona tu yanapita.

Bwana mmoja alikuwa anateremka na mbwa wake. Akanisalimu, akautazama mwavuli wangu. Ndiyo, nilibeba mwavuli, usinianze. Akaniuliza niko peke yangu. Nikasema ndiyo. Akasema juu kuna upepo, nisikae sana. Baada yake sikuona tena mtu.

Msitu ukaisha nikatoka mahali pa wazi. Huko ndiko watu husimama kupiga picha, nami nikasimama. Nyuma ya mlima kulikuwa na milima mingine, myeupe, nyuma yake mingine tena, na mbingu ya buluu isiyo na doa. Niliona kwamba ni pazuri kama mtu anavyosoma kibao kwamba hapa ni posta. Nikaendelea.

Kileleni kuna msalaba mkubwa wa mbao, na kile kibanda, milango imepigwa mbao. Upepo ulikuwa unachapa kweli. Nikasema haya, wakati ni huu, kule kwenu kunatangulia kwa saa mbili, watakuwa wanakaribia kumaliza kula. Nikaingiza mkono mfuko wa nje wa koti nitoe simu. Imezimika. Niliiacha na chaji imejaa.

Na hapo ndipo utakaponicheka mpaka kesho. Sisi simu tunaikinga na jasho, si ndiyo? Mtu wa kwetu akiwa na safari ya jua haiweki simu mwilini, itaungua na chumvi ya jasho. Basi nami nikaiweka mfuko wa nje kabisa, mbali na mwili, nikajiona mjanja. Kumbe baridi inaua simu haraka kuliko jasho, na kila mtoto wa huku analijua hilo. Nilisimama nikiwa nimeishika kama samaki aliyekufa. Nikawaona watu wote chini ya turubai, spika imewekwa, Mjomba ameishika simu yake mbele yake kwa mikono miwili. Nikamwona Somoe nyuma ya pazia. Mara ya pili, Mfaume. Mara ya pili kaburi lako linangoja mtu na mtu haji.

Nikaitia ile simu kwapani, chini ya nguo zote. Upepo haukunipa nafasi. Nyuma ya kibanda, upande wa ukutani, upepo ulikuwa umechimba mfereji kwenye theluji, mwembamba, wa kina cha kiuno, unaotosha mtu. Nikaingia humo nijikinge. Kukaa kukawa kugumu, nikajilaza chali, simu kwapani, mikono kifuani. Mle ndani hakukuwa na upepo. Juu palionekana kipande cha buluu. Mwanzo mgongo uliuma kwa baridi, baadaye ukaacha, vidole navyo vikaacha, na nikaanza kujisikia vizuri. Hilo nakwambia wewe tu, sikumwambia Mjomba. Nilijisikia vizuri kuliko siku zote tangu ufe. Mwili ulikuwa umefanana na moyo, hakuna kinachouma popote. Nikawaza kwamba naweza kubaki hapa kidogo.

Simu ikatetemeka kwapani, imejiwasha. Chaji ilikuwa mstari mmoja mwekundu. Nikapiga kwa kidole ambacho nilikiona lakini sikukisikia.

Mjomba alipokea kabla haijaita mara mbili. Nikasikia vishindo, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika kule Kiranjeranje na kunirudia. Nikaanza. Nikasema yale ya chura. Hakuna aliyecheka. Nikasema ya baiskeli na banda la mama ntilie. Mtu mmoja akakohoa. Nilikuwa nayasoma kichwani kama mwanafunzi, nami najua utani unaosomwa ni maiti ya utani. Nikanyamaza. Nikasikia sufuria inakwanguliwa jikoni kwenu. Mjomba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, "Kwani uko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia kweli. "Niko kaburini, Mjomba. Nimelala chali. Na sitoki mpaka nilipwe."

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko. Sijui ni nani. Kisha wa pili. Nami nikasikia mdomo wangu unakwenda wenyewe. Nikawaambia wameniona mjinga, wamenichimbia kaburi la barafu, Mfaume mwenyewe akiletwa humu atakutwa mwaka wa kesho akiwa bado mbichi kama samaki wa kiwandani. Nikawaambia kaburi ni fupi, yule twiga wao hatoshi, labda wamkate miguu wampe shekhe, maana shekhe ni mfupi. Nikasikia kicheko cha shekhe mwenyewe, nakuapia. Nikawaambia nimekuja na mwavuli na simu nimeitia kwapani, na hata malaika wa huku hawanielewi, nikiulizwa maswali ya kaburini itabidi nitafute mkalimani. Watu walikuwa wanagaragara. Wakaanza kunipandishia dau. Mmoja akasema kuku. Nikasema kuku wenu nawajua, hao ni njiwa waliokosa malezi. Mwingine akasema mbuzi. Mjomba akasema atanitolea ufuta, gunia zima, wa shamba lake marehemu. Nikasema sitoki. Mfaume, nilikuwa nasema utani, lakini nilikuwa nasema kweli pia. Sikutaka kutoka. Humo ndani hapakuwa na kitu kinachouma, na nje wewe ulikuwa umekufa.

Kicheko kikakatika ghafla. Nilidhani chaji imeisha. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, si karibu na simu, ni ya mtu anayeongea kutoka ndani ya nyumba, na watu wamempisha aongee. Ilikuwa na mikwaruzo, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

Somoe alisema, "Mwambieni mtani atoke. Mume wangu amesimama nje siku zote hizi. Amechoka."

Halafu nikamsikia akianza. Unakijua kilio cha mwanamke kinapokuwa bado hakijawa na sauti, ni pumzi tupu. Kikapanda. Wanawake wengine wakampokea. Mjomba akaliita jina langu, na simu ikazimika.

Nikabaki na kile kipande cha buluu. Nikajaribu kuinuka, miguu haikunisikia. Nikajaribu tena. Nilijiambia, mtu amesimama nje, amechoka, toka. Nikajigeuza kifudifudi, nikachomeka fimbo kwenye theluji, nikajivuta kama kenge mpaka nikafika ukingoni, nikatoka kwa magoti. Nikasimama pembeni nimeshikilia ukuta wa kibanda, na upepo ukanichapa, na safari hii niliusikia. Uliniuma uso mzima. Nikakwambia, "Haya, ingia." Nilisema kwa sauti, hapakuwa na wa kunigongea.

Kisha nikafukia. Chepe sina, nilitumia mikono na ule mwavuli wa kijinga. Niliburuta theluji kutoka pande zote nikaijaza humo, nikaishindilia kwa miguu, nikaijaza tena, mpaka ikawa sawa na ardhi, mpaka ikapanda kidogo juu kama inavyotakiwa. Glavu zililowa. Sikuzijali. Nilipomaliza nikanyoosha mikono nikakusomea Fatiha, chini ya msalaba wa watu, Mungu ataelewa. Jua lilikuwa limeanza kwenda upande wa pili wa mlima. Nikateremka.

Kuteremka sikumbuki sana. Nilianguka mara kadhaa. Mwavuli niliuacha huko, fito zote zilikuwa zimevunjika.

Mjomba alinipata jioni. Hakuongea habari za utani, wala hakunishukuru, na mimi sikutaka. Alisema Somoe alilia mpaka akachoka, akalala mchana kweupe, alipoamka akaomba ukoko wa pilau, akaula wote. Halafu yeye mwenyewe akaagiza mlango utiwe komeo. Mjomba aliposema hivyo akaniambia kwa heri haraka haraka. Nikakaa na simu mkononi.

Mimi bado, Mfaume. Nakwambia bila kuficha, maana kwako sikuwahi kuficha. Sijalia mpaka sasa. Vidole vinauma, kucha mbili zimekuwa nyeusi, leo nimemwaga chai ya mzee wa watu mara mbili. Lakini ile sindano ya ganzi naona inaanza kupungua nguvu pembeni pembeni, na ninaiogopa itakapoisha. Inauma, mtani. Nilidhani haitauma.

Sasa sikia ahadi yangu, na uisikie vizuri, usije ukaitunga nusu. Wakati wa kuvuna ufuta nitakuja. Nimeshaomba, na safari hii nimesema nakwenda kuvuna, hilo walilielewa. Nitashuka barabara kuu, nitakwenda kwa Somoe kwanza nimsalimie kama mtu mwenye adabu, ndipo nije kwako kwa miguu. Nitakutukana kwa mdomo, si kwa spika. Na kilio changu nitakuja nacho, sitaki kukimaliza kwa watu wasiokujua.

Mpaka siku hiyo usisimame tena nje ukiningoja. Mimi nimetoka. Lala.

Mtani wako,
Issa